Dozi moja ni kidonge kimoja au pakiti nzima?

Bukene, Nzega. Mtoto wa miaka miwili, mwenye kilo 11, amekutwa na malaria. Mama anapokea dawa mseto, anaambiwa ahakikishe mtoto anamaliza dozi, kisha anampa kidonge cha kwanza palepale. Akifika nyumbani mpunga unamsubiri shambani. Anamkabidhi mama mkwe pakiti na kumwambia, "Mama, jioni umpe dozi yake." Bibi aelewe nini hapo? Kidonge kimoja, au vyote vitano vilivyobaki?

Akikosea, asilaumiwe haraka. Neno lenyewe limebeba maana mbili.

Kwa Kigiriki cha kale, "dosis" ni kitendo cha kutoa au kupeana. Neno hilo lilipita Kilatini na Kifaransa hadi Kiingereza, ambako "dose" ni kiasi cha dawa kinachotumiwa kwa mara moja. Kiswahili kikalichukua na kulipanua. Kwetu dozi ni matibabu yote, tangu kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. Ndiyo maana tunasema mtu amekatisha dozi au amenunua nusu dozi. Kitabu cha muuguzi kinasema dawa mseto ni dozi sita. Mama anasema ni dozi moja. Wote wako sahihi.

Hata sauti ilibadilika njiani. Mwingereza humalizia neno lake kwa "s", sisi tukaweka "z" na irabu mwishoni. Kwa "z", Mwingereza husikia neno lake jingine, la kusinzia, na vijana wa Nairobi wakisema wanakwenda "kudoz" wanamaanisha kulala. Mashabiki wa soka nao wana yao: timu ikifungwa matano, imepewa dozi. Yaani yote kwa mkupuo.

Bibi ana sababu nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini na kuanza kutumia SP kutibu malaria, na SP ilimezwa yote siku hiyohiyo, ikaisha. Dawa mseto ilichukua nafasi yake kuanzia mwaka 2006. Aliyelea watoto wakati wa SP alijifunza kwamba dozi ya malaria humezwa mara moja tu.

Dawa mseto ya ALu haiendi hivyo. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, mara sita kwa siku tatu. Cha pili hufuata baada ya saa nane, na hapa kuna mtego mwingine: "baada ya saa nane" si "saa nane mchana". Akianza saa 4 asubuhi, cha pili ni saa 12 jioni. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Dawa hii hufyonzwa vizuri ikienda na chakula chenye mafuta kidogo, na uji wa karanga unatosha kabisa. Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe kupewa, kisha kituo kiombwe kidonge cha kujazia.

Homa huweza kushuka siku ya pili, na hapo ndipo vidonge viwili vitatu hufichwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake. Vimelea vilivyobaki mwilini huweza kumrudisha mtoto kitandani.

Paracetamol ni habari nyingine. Hupewa kwa ajili ya homa au maumivu, kwa kipimo kilichoandikwa. Homa ikiisha, hakuna chupa ya kumaliza.

Basi mama angesemaje? Aache neno dozi, ataje hesabu: "Mama, mpe kimoja leo saa 12 jioni. Kesho kimoja asubuhi na kimoja jioni, keshokutwa hivyohivyo." Bahasha ikiandikwa 1 × 2, ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Pakiti nyingi zina michoro ya jua na mwezi. Bibi asiyesoma anaweza kuifuata.

Na mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea sana, arudishwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama dozi haijaisha.