Vioja vya Ngoma katika Usukuma

Neno "kioja" katika Kiswahili lina pande mbili. Mtu hulitamka aonapo jambo la kuchekesha, na hulitamka vile vile aonapo jambo la kuogofya. Wala hana haja ya kueleza ni lipi kati ya hayo alilolikusudia, kwa kuwa aghalabu yote mawili yamo. Wapo wanaodhani ya kuwa sanaa yenye mzaha na kitisho kwa pamoja ni uzushi wa wasanii wa mijini wa siku hizi, waliojifunza kutoka kwa wageni. Dhana hiyo haipatani na yale yanayoonekana kusini mwa Ziwa Victoria. Huko, tangu Mwanza hata Magu na Kwimba, vioja vimechongwa, vimevalishwa nguo na kuchezeshwa mbele ya watu tangu zamani, na mchongaji aliyeshindwa kuwachekesha watu na kuwashtua kwa wakati mmoja alihesabiwa kuwa ameiangusha ngoma yake.

Ili kufahamu sababu yake, yafaa kwanza kutazama jinsi mashindano ya ngoma yaendeshwavyo. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa saa zile zile, kila kimoja upande wake. Mshindi si yule aliyeimba vizuri kwa kipimo cha wataalamu, bali ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wako huru kutoka huku kwenda kule, na kila mmoja wao hupiga kura kwa miguu yake. Uwanja waweza kuwa na watu maelfu upande mmoja, kisha ghafula ukaonekana mkondo wa watu unatiririka kwenda upande wa pili kwa sababu huko kumetokea jambo lisilopata kuonekana.

Masimulizi ya Wasukuma yasema ya kuwa chanzo chake kilikuwa ni ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, walioishi katika karne ya 19. Kila mmoja alidai ya kwamba dawa zake zilikuwa na nguvu kuliko za mwenziwe. Kwa kuwa hapakuwa na mizani ya kupima dawa, wakakubaliana kucheza ngoma na kuwaacha watu waamue. Wafuasi wa Ngika ndio Wagika, na wafuasi wa Gumha ndio Wagalu, na karibu kila kikundi cha ngoma cha Usukuma hujihesabu kuwa cha upande mmoja au wa pili. Masimulizi haya yana namna nyingi, na si lazima msomaji ayashike yote; lililo muhimu ni kwamba tangu mwanzo ngoma ilikuwa mtihani wa hadhara. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, huingia uwanjani akiwa na dawa iitwayo samba, yenye kazi ya kuwavuta watu. Lakini hapana manju mwenye akili aliyetegemea dawa peke yake. Aliongeza nyimbo za kejeli na sarakasi, akaleta nyoka walio hai, na mwisho akaleta kazi ya mchongaji.

Sanamu za ngoma za Usukuma ni ndefu, zina miguu mirefu iliyonyooka na kiwiliwili kisicho na mapambo mengi. Uso huwa na macho mawili na mdomo, pengine hauna zaidi ya hayo. Baadhi yake zina mikono iliyofungwa kwa viungo, hata yaweza kutikiswa au kuvutwa kwa kamba, nazo ndizo hasa zistahilizo jina la vikaragosi. Huvishwa nguo na kuinuliwa juu ya vichwa vya watu, zikacheza pamoja na wachezaji. Pamoja nazo wako wavaa vinyago. Kinyago cha Kisukuma ni uso mzito uliochongwa kwa mikato michache, na baadhi yake vimetiwa meno na manyoya. Avaapo mchezaji, watoto hukimbia, kisha hurudi wakicheka, kisha hukimbia tena.

Wakusanyaji wa vitu vya sanaa wa Ulaya kwa muda mrefu hawakuzijali sana kazi hizi. Walizilinganisha na zile za Kongo, zenye kusuguliwa na kunakishiwa kwa ustadi wa kidole, wakaona ya kuwa za Usukuma ni za kikwao mno, yaani zimechongwa ovyo. Macho yao yalianza kufunguka katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, hasa baada ya maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania yaliyofanyika Ujerumani mwaka 1994. Hata hivyo hukumu ile ya kwanza ilikosa kuuliza swali rahisi: je, kitu hiki kilikusudiwa kutazamwa kutoka wapi? Kitu kinachochongwa ili kishikwe mkononi chastahili nakshi ndogo ndogo. Kitu kitakachotazamwa na mtu aliye nyuma ya watu mia tano, katika vumbi, jua likimpiga machoni, hakina haja nazo. Hicho chahitaji urefu, umbo linalotambulikana mara moja, na mwendo. Ukali wa shoka katika sanamu hizi haukutokana na uvivu; mchongaji alikuwa akijua kazi yake.

Watu wa pwani wana methali isemayo ya kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Katika Usukuma jambo hilo halikuwa na uzito, kwa maana mchongaji hakuulizwa kama yeye ameogopa. Aliulizwa kama watu wa upande wa pili wamehama.

Upande mwingine wa sanaa hii ulikuwa wa siri, nao ndio wa ajabu zaidi. Katika Usukuma viko vyama vya wacheza nyoka, na kimojawapo ni kile cha Bayeye. Hawa hukamata nyoka, hujua dawa za sumu, hutibu walioumwa, na hucheza na chatu hadharani. Mwanachama mpya alifunzwa katika nyumba maalumu ambayo kuta zake za ndani zilichorwa picha kwa rangi za udongo. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizichunguza picha hizo, na mwaka 1953 kitabu chake juu yake kikachapishwa London. Humo msomaji huona nyoka, wanyama, watu na viumbe wasiojulikana kama ni watu au ni wanyama. Kwa mgeni ni kama michoro ya mtoto aliyeota vibaya; kwa mwanafunzi wa chama kila picha ilikuwa ni somo, na maana yake haikutolewa kwa asiyehusika.

Nyumba za udongo hazidumu. Mvua na mchwa havikuzitofautisha kuta zilizochorwa na zile zisizochorwa, na leo mtu atakaye kuzijua picha zile hana budi kuanza na kitabu cha Cory. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1962, na hati zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo watakaoona ni jambo la kusikitisha kwamba siri za Bayeye zimehifadhiwa na mtu wa Austria katika lugha ya Kiingereza. Ni kweli, lakini si kosa la Cory, aliyeandika wakati wengine walikuwa wakipita tu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mtwara atakumbuka hapa mashetani ya Wamakonde. Mtindo huo ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mchongaji Samaki Likankoa, na tangu hapo mpingo umetoa viumbe wenye jicho moja, masikio ya sungura na matumbo yaliyo wazi. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatia mashetani hao rangi za kupendeza, akawafanya wakae sokoni, wanyoane nywele, wagombane kama majirani. Na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Kufanana kwao na vioja vya Usukuma ni kwa hakika, ila tofauti yao ni kubwa. Shetani wa mpingo alizaliwa dukani, mnunuzi wake wa kwanza akiwa mfanyabiashara, na hakimu wake ni mgeni mmoja mwenye fedha mfukoni. Kikaragosi cha Usukuma hakikuuzwa. Hakimu wake alikuwa ni umati, nao haukulipa chochote ila kusimama.

Jambo moja zaidi halifai kufichwa. Kitisho kilichomo katika kazi hizi kina mizizi katika imani ambazo zimewadhuru watu. Katika Usukuma husimuliwa ya kuwa wachawi, balogi, husafiri usiku wakiwa wamepanda fisi, na mtu asiyekuwa Msukuma aweza kucheka asikiapo hivyo. Lakini wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa kuwa ni wachawi, pengine kwa sababu tu ya macho yao mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Tangu mwaka 2007 habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino katika mikoa ya Ziwa zilisikika duniani kote, na mwezi wa Januari 1915 ukiwa umepita karne nzima, yaani Januari 2015, Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika hali hiyo vitu vya waganga, hata vile vya kale, hutazamwa kwa shaka, na wako wanaoona afadhali vichomwe moto.

Shauri hilo lachanganya mambo mawili. Mlogi hutenda gizani, na hofu yake hukua kwa kuwa hapana aionaye. Kioja cha ngoma huletwa mchana, katikati ya uwanja, ambapo mtoto wa miaka sita aweza kukinyoshea kidole. Ng'wana Malundi, manju mashuhuri wa mwanzo wa karne ya 20, asimuliwa ya kuwa alinyosha kidole chake na miti ikakauka. Hata hivyo watu hawakumkimbia, bali walimfuata kwa wingi, mpaka Wajerumani wakamkamata. Nguvu yake, iwayo yote, aliionyesha mbele ya macho ya watu, na hao hao walikuwa na hiari ya kumpa mgongo na kwenda kwa mshindani wake.

Leo mahali pa kuvitazama vitu hivi ni Bujora, karibu na Kisesa, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Mwanza katika barabara ya Musoma. Huko Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya nyimbo, ngoma na vyombo vya Wasukuma. Kanisa alilolijenga ni la mviringo kama nyumba ya msonge, na altare yake ina umbo la kiti cha mtemi. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Yako majengo ya watemi, ya waganga, ya wahunzi, na ya vyama vya ngoma, ambamo Wagika na Wagalu wamewekwa chini ya paa moja, jambo ambalo Ngika na Gumha wasingalilikubali.

Humo ndani vitu vya ngoma vimekaa kimya, na mtazamaji ataona miti tu, isipokuwa ameshauona uwanja. Kwa bahati njema uwanja uko jirani. Kila mwaka mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, maana yake maua, na vikundi vya pande zote mbili hukutana kushindana. Bayeye huja na chatu wao. Wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka. Hakuna anayeuza tikiti za upande huu au ule. Watu husimama katikati, wakisikiliza ngoma mbili kwa masikio mawili, mpaka upande mmoja utoe kitu ambacho jirani yao hajakiona, na hapo wote hugeuka.