Ufunguo Usio na Mwenzake

Programu ya kompyuta husoma kumbukumbu kwa jozi, ufunguo na thamani, kisha huitia kila thamani katika sehemu yenye jina lilo hilo. Vyeti vya kale vya Migori na Homa Bay hutaja wilaya ya South Nyanza. Programu ya leo inadai kaunti, zao la Katiba ya 2010. Je, iandike kaunti ipi? Ikibahatisha, au ikiiacha sehemu tupu kimya kimya, mwenye cheti ndiye atakayehangaika ofisini. Nashikilia kwamba programu njema hutazama pia mahali pa kuzaliwa: Oyugis ni Homa Bay, Rongo ni Migori. Pasipotajwa, isimame imwulize binadamu. Walimu, wafunzeni wanafunzi hivyo. Kuuliza si ujinga.