Uonevu shuleni: tunahesabu nini?

Mkuu wa shule akiulizwa kama kwake kuna uonevu, mara nyingi hujibu kwamba hakuna, wanafunzi wanataniana tu. Pengine anaamini asemalo. Lakini huwezi kupanga kinga kwa jibu la namna hiyo. Afya ya jamii inadai kipimo, na kabla ya kipimo watu wakubaliane wanapima nini.

Msingi uliwekwa na Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza utafiti wake Sweden miaka ya 1970 kisha akauendeleza Norway. Alitazama mambo matatu: nia ya kudhuru, kurudiwa kwa kitendo, na nguvu zisizolingana. Mwaka 2014 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa fasili ya pamoja kwa ajili ya watafiti, ikaongeza kwamba kitendo kinahesabika hata kama hakijarudiwa, ilimradi kuna uwezekano mkubwa kitarudiwa. Ugomvi wa ndugu na wa wapenzi uliwekwa kando, upimwe kivyake.

Kwangu mimi, suala la nguvu ndilo kiini. Wavulana wawili wa rika moja wakishikana mashati uwanjani, huo ni ugomvi. Mtoto wa kidato cha kwanza anayeamshwa usiku bwenini kuwafulia nguo wakubwa, akijua akikataa atapigwa, huyo anaonewa. Na nguvu si misuli peke yake. Msichana ambaye darasa zima limekubaliana kutomsemesha hajaguswa hata kwa kidole, lakini ameumizwa.

Kwenye kuhesabu ndipo mambo yanapokuwa magumu. Utafiti wa afya ya wanafunzi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na CDC kwa miaka mingi uliuliza kuhusu siku 30 zilizopita. Ule wa vijana wa Marekani huuliza kuhusu miezi 12, tena ndani ya eneo la shule. Watumiaji wa dodoso la Olweus kwa kawaida humhesabu aliyeonewa angalau mara mbili au tatu kwa mwezi. Anayepanga takwimu hizi kwenye jedwali moja na kutangaza nchi ipi imeizidi ipi anapotosha watu.

Mwaka 2019 UNESCO iliripoti kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alionewa angalau mara moja katika mwezi mmoja. Idadi hiyo inatisha, na ni haki itutishe. Hata hivyo imemchanganya aliyesukumwa siku moja na yule anayenyang'anywa chakula kila siku, na hawa wawili hawahitaji msaada uleule.

Kwa hiyo, mwalimu, ukitaka kujua hali ya shule yako, usiulize tu "Je, unaonewa?" Taja vitendo: kupigwa, kutukanwa, kutengwa, kusambaziwa picha. Uliza ni mara ngapi kwa mwezi huu. Karatasi zisiandikwe majina, na wanafunzi wakae mbalimbali, maana mtoto hawezi kuweka alama ya ndiyo huku anayemwonea akichungulia karatasi yake.