Mchezo Mmoja, Ndimi Nyingi

Atokaye Malindi kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hana budi kupita Garsen. Hapo Mto Tana huvukwa, na hapo ndimi hukutana. Mpokomo na maembe yake, Mworma na ng'ombe wake, mtu wa Kipini na samaki wake: kila mmoja ana lugha ya mamaye, lakini bei hupatana kwa Kiswahili. Lau si hivyo, kila mwuzaji angalihitaji mkalimani kwa kila mnunuzi.

Watungaji wa michezo ya video wana shida kama hiyo. Kompyuta ina lugha yake, simu ya Android ina yake, iPhone ina yake, na kurasa za intaneti zina yake. Zamani mtungaji alikuwa ama aandike kazi ile ile mara tatu au nne, ama achague chombo kimoja na kuwaacha wenye vyombo vingine nje ya mlango.

Mwaka 2005 Mfaransa Nicolas Cannasse alitoa lugha iitwayo Haxe. Mtu huandika mchezo mara moja, kisha kompaila, yaani programu ifasiriyo, huugeuza ukawa JavaScript kwa kurasa za intaneti, au C++ kwa kompyuta na simu. Nayo haiuzwi, hutolewa bure. Kwa Haxe, Lucas Pope alitunga Papers, Please mwaka 2013, mchezo wa afisa wa mpakani akaguaye vyeti vya wasafiri. Abiria wa njia ya Lamu, aliyezoea kutoa kitambulisho vizuizini, hahitaji kuelezwa uchungu wake.

Manufaa mengine yalionekana baadaye. Michezo mingi ya intaneti ilitegemea Flash, na mwisho wa mwaka 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuitunza. Aliyekuwa ameandika kwa Flash peke yake alikwama. Aliyeandika kwa Haxe alikuwa na daraja la kuvukia.

Hata hivyo, kufasiri si uchawi, na sisi washairi twalijua hilo. Mshairi wa Lamu akifunga kina cha "mato" na "moto", msomaji wa Unguja akasema "macho", maana imebaki lakini kina kimevunjika. Mchezo nao ni vivyo hivyo: kompyuta ina vitufe na kioo kipana, simu ina kioo chembamba na kidole. Haxe humruhusu mwandishi kusema, "ikiwa ni simu, fanya hivi, ikiwa ni kompyuta, fanya vile." Bali la kusema atalijua mwenyewe.

Kenya nayo haikulala. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta wenye shujaa wa Kiafrika. Je, sisi wa Tana? Tunaye Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yake yamejaa Ozi na Kipini, na ambaye Muhamadi Kijumwa alimwandikia utendi mwaka 1913. Tukinyamaza, atamtunga mgeni, na wajukuu wetu watajifunza Liyongo kwake.

Kisha tukumbuke alivyokufa. Mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa utukufu, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Katika utendi twasikiliza na kusikitika. Katika mchezo, mkono ulioshika sindano ni wako. Utachoma au utaitupa?

Swali hilo si la hadithi tu katika nchi ambayo mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana kwa ajili ya ardhi na maji, hata waliokufa wakapita mia moja kufikia mwanzo wa 2013. Sisemi kwamba mchezo utafuta msiba. Nasema kijana wa mashambani na kijana wa malishoni, kila mmoja na simu aliyojaliwa, wakiulizwa swali moja kwa lugha wanayopatania sokoni, hilo si jambo dogo.

Enyi vijana, chombo kipo na hakina bei. Kinachopungua ni maneno, na maneno wanayo wazee. Nendeni mkawasikilize kabla hawajaondoka nayo.