Baraka: Tulikula Wapi, na Tulitazama Nini

Wamama wenzetu wa Lulimba, tangu tuhamie huku ziwani mmetutumia salamu nyingi, na swali linalorudi kila mara ni moja: mnakula nini huko? Juma hili tunawajibu. Tutawaambia restora tulizokula, tulipofurahi na tulipojuta, ili mwenye safari ya Baraka na watoto wake ajue pa kukaa.

Sisi ni wamama watatu na watoto tisa. Tulishuka kwa lori kupitia Lubondja na Fizi, na nyumba tuliyopata kwanza haikuwa na mahali pa kupikia. Kule Lulimba kuni tunatoka nazo shambani kichwani. Hapa makala yananunuliwa, na bidoni ya maji nayo ina bei yake. Tulipopiga hesabu tuliona kwamba sahani mbili za restora, tukigawana na watoto, hazizidi sana gharama ya kuwasha mbabula. Basi majuma matatu ya kwanza tulikula nje karibu kila mchana. Bei hatuziandiki kwa faranga, maana zitakuwa zimebadilika kabla hamjasoma. Tutalinganisha tu.

Tulianzia sokoni. Nyuma ya wauza unga kuna vibanda vya mabati ambako wamama wanapika maharage, wali, bugali, sombe na lengalenga. Hapo ndipo mwenye watoto wengi anashiba kwa pesa kidogo. Sombe ya kibanda kimoja ilitukumbusha nyumbani: imetwangwa vizuri, imechemka muda mrefu, na mawese yamewekwa bila uchoyo, maana hii ni nchi ya michikichi. Bugali yao ni ya muhogo, laini, haina harufu kali ya muhogo ulioloweshwa vibaya. Mama mwenyewe aliwawekea watoto wetu mchuzi wa nyongeza bila kuombwa. Ubaya wake ni nzi, na mabenchi ni machache. Ukifika saa saba mchana utakula umesimama.

Pale magari na moto za kutoka Fizi zinapopakia, chakula ni cha wanaume wenye haraka. Bonge la bugali ni kubwa hata tukashindwa kulimaliza watatu, na nyama ya mbuzi iko karibu kila siku. Chai na mandazi vinapatikana kabla jua halijatoka. Kwa msafiri ni pazuri. Kwa watoto pana moshi, makelele na pombe mapema mno. Tulikula mara mbili, tukaacha.

Tulikula pia katika restora moja yenye meza za plastiki, vitambaa na redio. Sahani moja ilitugharimu kama sahani tatu za sokoni, na tulingoja mpaka mtoto mdogo akalala mezani. Samaki alipofika alikuwa mzuri, hatusemi uongo. Lakini mama anayehesabu faranga za shule hana sababu ya kwenda pale isipokuwa amealikwa.

Pahali tulipopenda kuliko pote ni ufukoni, karibu na mitumbwi. Wenzetu, samaki tuliyemjua Lulimba ni yule aliyekauka, aliyepanda mlima ndani ya gunia. Hapa mikebuka inatoka majini asubuhi na mchana iko juu ya makala, na chumvi, ndimu na pilipili. Watu wa Uvira wanaiita mukeke, na wanabishana na watu wa huku jina gani ni sahihi. Kuna kuhe pia, na sangala kwa mwenye pesa. Ndagala mbichi wakikaangwa na nyanya na kitunguu, watoto wanakula na vichwa. Unakaa juu ya gogo, mbele yako ghuba imetulia, ng'ambo unaona milima ya Ubwari.

Hapo ufukoni tulijifunza jambo ambalo mgeni halijui. Siku moja sahani ya ndagala ilikuwa rahisi, na baada ya juma moja ilikuwa karibu mara mbili. Tulidhani tunaibiwa kwa sababu ya ugeni wetu. Mama muuzaji alicheka, akatuonyesha juu. Wavuvi wanatoka usiku na taa, na samaki wadogo wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa haivuti kitu, na wavuvi wengi wanapumzika. Basi, wamama, ukitaka kununua ndagala wa kupeleka Lulimba, njoo siku za giza. Siku za mwezi mpevu kula maharage.

Sasa tuwaambie lile lililotuumiza.

Katika juma la tatu mtoto wetu mmoja, wa miaka mitano, alianza kuhara usiku. Alihara maji matupu, akatapika, na kabla ya mapambazuko macho yake yalikuwa yameingia ndani. Tulimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Tulikuwa tumejiandaa kueleza alichokula, lakini muuguzi hakuuliza habari za chakula. Aliuliza: «Alikunywa maji wapi?»

Tulitazamana. Mchana ule tulikuwa tumekula katika kibanda kimoja ambacho hatutakitaja. Bugali ilikuwa ya moto na samaki alitoka jikoni akifuka moshi, tukaona kila kitu ni sawa. Lakini mtoto alikuwa ametekewa maji ya kunywa kwa kikombe kutoka pipa lisilo na kifuniko, na kikombe kile kile kilikuwa kinatembea kutoka mkono hadi mkono. Siku hiyo hiyo alikuwa ameoga ziwani pia na watoto wa jirani, na huenda alimeza maji huko. Kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba ni pipa.

Muuguzi alitukumbusha kwamba mwambao huu wa Tanganyika, Uvira, Baraka mpaka Kalemie, unaijua kipindupindu tangu miaka ya 1970. Ziwa linaonekana safi kwa macho, lakini ndilo watu wanalolifulia, wanaloliogea na wanalotekea maji ya kunywa. Mtoto wetu alipona. Aliyeokoa maisha yake ni maji ya chumvi na sukari aliyopewa kidogo kidogo bila kukoma, na kufikishwa mapema.

Nyumbani tukagombana. Mmoja wetu alisema: tuandike jina la kibanda kile, wamama wote wakiepuke. Mwingine akajibu: yule mama ni mjane, ana watoto wanne, na kibanda kile ndicho shamba lake. Tukikitaja na kumbe ni ziwa, tumemuua bure. Wa tatu akauliza: na tukinyamaza, mtoto wa nani atakuwa wa pili? Hakuna aliyelala vizuri usiku ule.

Asubuhi tulirudi kwake, watatu, kabla wateja hawajafika. Hatukwenda kugombana. Tulimwamkia, tukakaa, tukamwambia: «Mama, mtoto wetu ameugua. Hatujui kama ni hapa. Lakini tunaomba kuyaona maji yako.» Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema yale maji ni ya ziwani, kwa sababu kwenye robine kuna foleni, na faranga za bidoni zinakula faida ya siku. Maji ya kupikia yanachemka, akasema, lakini ya kunywa hakuyafikiria. Akashika kichwa. Akauliza mtoto anaendeleaje.

Tuliondoka na shauri moja, naye akalikubali: maji ya kunywa yatoke kwenye robine au yachemshwe, yakae ndani ya ndoo yenye kifuniko na bomba chini, ili mtu asichovye kikombe. Ndoo tulichanga sisi na majirani wawili. Juma lililofuata tulipita tukaiona iko mezani, imefunikwa. Sabuni ya kunawa ilikuwa imekwisha, naye aliona haya. Tukamwambia tutapita tena, na tunapita.

Kwa hiyo, mama, ukiingia restora yoyote, Baraka au hata kule kwenu barabarani, kabla ya kuuliza kuna samaki gani, tazama haya:

Maji ya kunywa yametoka wapi, na yanatekwaje? Ukiona pipa wazi, mpe mtoto chai ya moto au njoo na maji yako.

Kuna maji na sabuni ya kunawa? Beseni moja la watu kumi halisafishi mikono ya mtu. Maji yamiminwe.

Chakula ni cha moto kweli? Sombe ya asubuhi iliyopoa mpaka jioni, iache. Kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua, iache pia.

Sahani zinaoshewa nini? Zunguka nyuma kidogo. Mama safi hatakasirika.

Na mtoto akianza kuhara maji, usingoje kesho. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo visawazishwe. Mnyweshe kidogo kidogo huku mnakwenda kituoni. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Tuna ombi moja kwa kikundi chetu. Wengi wenu mnauza mandazi, chai na bugali kwa wasafiri wa Misisi na wa Maniema. Msingoje mgonjwa. Kwa nini mkutano ujao tusichange ndoo zenye bomba, moja moja, kwa zamu, kama tunavyochanga kwa mwenye msiba? Na tukubaliane kutembeleana na kuambiana ukweli usoni, kabla habari haijafika sokoni.

Mtoto wetu sasa anakimbia. Jana ameomba ndagala wa kukaanga, na tulimpeleka ufukoni, na chupa yake ya maji ya kuchemsha shingoni. Mkija Baraka, tupitieni kwanza nyumbani. Tumekwisha kununua mbabula, na siku za giza samaki hatukosi.