Upepo wa Mlima na Moshi wa Tambarare

Masika ikishika mwezi Aprili, hewa ya Manispaa ya Moshi husafishika. Siku mawingu yakifunguka, mtu aliye Pasua anaiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, waziwazi. Rudi hapo hapo Septemba, kabla ya vuli: vumbi la barabara ya Arusha Chini limetanda na mlima umefifia nyuma ya utando wa kijivu. Wakati wa masika si kwamba mvua imeosha vumbi tu. Ardhi iliyolowa haitimki, na mabua mabichi hayashiki moto.

Halafu kuna mlima wenyewe. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 800, na Kibo kinafika mita 5,895. Jua likipiga miteremko asubuhi, hewa hupata joto, huwa nyepesi na kupanda, ikibeba mvuke na chochote kilichomo. Ndiyo maana ikifika saa sita mchana kilele mara nyingi kimeshafunikwa na mawingu. Usiku mambo hugeuka: miteremko hupoa, hewa baridi na nzito hushuka kwa kufuata makorongo hadi mjini na tambarare. Kwa hiyo moshi wa Kahe, kule tambarare, unaweza kupanda mchana kuelekea Kilema na Kibosho miteremkoni, na moshi wa majiko ya huko juu ukashuka usiku. Kati ya Juni na Agosti, mawingu ya kipupwe yakizuia jua, hewa haipandi kwa nguvu, na moshi hukaa karibu na ardhi kwa muda mrefu zaidi.

Kusini mwa mji kuna mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC, yaliyoanza miaka ya 1930. Kwa kawaida miwa inayokatwa kwa mkono huchomwa kwanza, ili majani makavu yaishe, nyoka wakimbie na mkataji afanye kazi haraka. Majani huungua kwa dakika chache, lakini majivu meusi, mepesi na marefu kama nyuzi, husafiri na upepo na kutua kwenye nguo zilizoanikwa. Majivu hayo yanakera, ila cha hatari zaidi ni kile kisichoonekana: chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Pua haizizuii. Hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo linachokipendekeza hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24.

Lakini tusiyaelekezee macho mashamba makubwa peke yake. Jiko la kuni la ndani, mafiga matatu na mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, linaweza kufikisha mamia ya mikrogramu wakati ndizi zinachemka. Mama na mtoto aliye mgongoni ndio wanaoivuta hewa hiyo, kila siku, msimu wowote. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye madhara makubwa kuliko yote, ingawa hapalalamikiwi kama majivu ya miwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Lakini gesi ikiwa ghali, familia itarudi kwenye kuni za mgrivea zilizoko kihambani, yaani shamba la nyumbani.

Oktoba, mwisho wa kiangazi, huja hatari nyingine. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 za uoto wa juu wa Kilimanjaro, na mwingine ukazuka Oktoba 2022 karibu na kambi ya Karanga. Moto wa namna hiyo hauishii kwenye moshi. Miti ya ukanda wa juu hunasa maji ya ukungu, ule ule unaopandishwa na upepo wa mchana; ikiungua, maji hayo hayanaswi tena.

Kuhusu moto wa mashambani, Wachagga wa mlimani wana desturi ambayo wanasayansi wa hewa wangeipenda. Baada ya mavuno ya tambarare, mabua mengi ya mahindi hayaachwi shambani. Hufungwa mizigo, hupakiwa kwenye Fuso hadi juu ya kebini ya dereva, na kupandishwa Machame, Kibosho na Marangu kulisha ng'ombe wa zizini. Samadi hurudi kwenye migomba na kahawa. Bua lililoliwa na ng'ombe halikuchomwa. Asiye na ng'ombe anaweza kuyauza mabua yake, au kuyatandaza shambani yahifadhi unyevu.

Kwa hiyo, mkulima unayetayarisha shamba Februari, usiwashe kiberiti kabla hujamuuliza jirani mwenye ng'ombe. Nanyi wakuu wa halmashauri, wekeni vipima hewa mjini, Kahe na Kibosho, matokeo yabandikwe mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuyasoma.