Zambia: Kampuni Mama na Wakulima wa Chingola

Mto Kafue hupita katika Mkoa wa Copperbelt nchini Zambia, kisha huteremka kusini hadi kuungana na Mto Zambezi. Kandokando ya vijito vinavyoumwagia maji wanaishi wakulima maskini ambao huyategemea maji hayo kwa kunywa, kunyweshea mifugo na kumwagilia mashamba. Mwaka 2015 wakazi wa Wilaya ya Chingola, ambao idadi yao ilifikia 1,826, walifungua kesi ya madai mjini London. Walidai kwamba tangu mwaka 2005 maji yao yalikuwa yakichafuliwa na taka zenye sumu kutoka mgodi wa shaba wa Nchanga.

Kesi hiyo ilifufua swali linaloihusu kila nchi inayopokea wawekezaji kutoka ng'ambo. Kampuni inapowadhuru watu, nani anapaswa kulipa? Je, ni kampuni peke yake, au hata yule anayeimiliki?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kueleza kampuni ni kitu gani mbele ya sheria. Kampuni iliyosajiliwa huhesabiwa kuwa mtu kamili, ingawa haina mwili wala roho. Inaweza kumiliki ardhi, kukopa, kuajiri, kuweka mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Wenye hisa wote wakifa, kampuni hubaki hai. Zamani uwezo huo ulikuwa na mpaka. Mwaka 1875 Mahakama ya Malodi ya Uingereza iliamua kwamba mkataba ulio nje ya malengo yaliyoandikwa katika waraka wa kuanzisha kampuni ni batili. Sheria za siku hizi zimelegeza sana kamba hiyo. Mathalani, Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inasema kwamba malengo ya kampuni hayana mpaka, isipokuwa pale ambapo katiba yake yenyewe imeyawekea mpaka.

Kwa kuwa kampuni ni mtu, madeni yake ni yake mwenyewe. Mwenye hisa hupoteza fedha alizozitoa au alizoahidi kuzitoa kununulia hisa, basi. Nyumba yake, shamba lake na akiba yake haviguswi. Kanuni hiyo iliwekewa msingi imara mwaka 1896, katika shauri la Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London. Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye hisa 20,007. Yeye alishika hisa 20,001, na mkewe na watoto wake watano wakashika hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka Salomon alipe kutoka mfukoni mwake. Mahakama ya Malodi ilikataa. Kampuni ile, ilisema, ni mtu mwingine, na Salomon ni mtu mwingine.

Wahenga walinena kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Sheria ya makampuni ilipindua hekima hiyo: kampuni ikichuma janga, hulila peke yake, na jamaa zake hukaa kando na kutazama.

Haifai kudhani kwamba kinga hiyo iliwekwa kwa ubaya tu. Bila kinga hiyo, mtu wa kawaida asingethubutu kutoa akiba yake kidogo kununua hisa za reli, kiwanda au benki, kwa kuhofia kunyang'anywa kila alicho nacho iwapo mradi ungeanguka. Tatizo huanza pale mwenye hisa asipokuwa mtu bali kampuni nyingine kubwa. Kampuni mama huanzisha kampuni tanzu katika nchi mbalimbali. Faida hupanda juu kwa njia ya gawio, lakini hasara hubaki chini, katika nchi ile ambako mashimo yamechimbwa.

Mahakama zinao uwezo wa kuinua pazia linalomtenga mwenye hisa na kampuni yake, ila huutumia kwa nadra sana. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilieleza kwamba pazia litainuliwa pale tu ambapo mtu mwenye wajibu wa kisheria anajificha nyuma ya kampuni kwa makusudi ya kuukwepa wajibu huo. Aidha, sheria za ufilisi huwabana waliofanya biashara kwa hila. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, kwa mfano, huiruhusu mahakama kuwaamuru walioshiriki katika udanganyifu huo wachangie malipo ya madeni. Lakini wakulima wa Chingola hawakudai kwamba mgodi ulianzishwa kwa hila. Walihitaji njia nyingine.

Mgodi wa Nchanga ulikuwa mali ya Konkola Copper Mines, kampuni iliyosajiliwa Zambia. Hisa zake nyingi, karibu asilimia 80, zilikuwa mikononi mwa Vedanta Resources yenye makao yake London, na zilizobaki zilishikwa na ZCCM Investments Holdings, shirika ambalo dola ya Zambia ina hisa nyingi ndani yake. Wakulima walizishtaki Konkola na Vedanta kwa pamoja. Hawakusema kwamba Vedanta ilipe kwa sababu ni mwenye hisa. Walisema kwamba Vedanta yenyewe iliingilia usimamizi wa mazingira mgodini, na kwa hiyo ilikuwa na wajibu wake yenyewe wa kuchukua hadhari.

Tarehe 10 Aprili, 2019, Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliwakubalia kwamba hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Ilieleza kwamba kumiliki hisa peke yake hakuleti wajibu. Lakini kampuni mama inayotunga taratibu za usalama kwa makampuni tanzu, kuyafundisha na kusimamia utekelezaji, au inayoutangazia ulimwengu kwamba inafanya hivyo, inaweza kuulizwa juu ya matokeo yake. Maandishi ya Vedanta yenyewe kuhusu mazingira yalikuwa miongoni mwa ushahidi uliozingatiwa.

Mahakama hiyo haikuamua nani alikuwa na kosa. Iliamua tu kwamba shauri lingeweza kuendelea London. Ilikiri kwamba Zambia ndipo mahali palipostahili zaidi, lakini ikaona kwamba wakulima wale wasingepata haki ya kweli huko, kwa sababu hawakuwa na fedha za kugharimia shauri kubwa namna hiyo, wala hapakuwa na mawakili wenye uwezo wa kulibeba.

Umuhimu wa uamuzi huo ulidhihirika upesi. Mwezi Mei mwaka huohuo, kwa maombi ya ZCCM Investments Holdings, Konkola iliwekwa chini ya mfilisi wa muda. Wadai ambao wangekuwa na Konkola peke yake wangejikuta wakipanga mstari mlangoni kwa mfilisi. Mwezi Januari mwaka 2021 pande zote zilitangaza mapatano, bila makampuni hayo kukiri kosa. Mgodi wenyewe baadaye ulirudishwa chini ya Vedanta.

Kwa nchi jirani, ambazo shaba ya Zambia hupita katika barabara, reli na bandari zao, shauri hilo lina mafunzo. Mwekezaji asiulizwe tu analeta mtaji kiasi gani. Aulizwe pia ni kampuni ipi itakayobeba dhamana iwapo kampuni tanzu itafilisika, na dhamana hiyo iandikwe katika mkataba kabla mashine hazijaanza kuchimba. Hali kadhalika, mkulima asiye na nauli ya kwenda mji mkuu hapaswi kulazimika kuitafuta haki yake ng'ambo ya bahari. Kuwawezesha mawakili na mahakama za nyumbani kuyabeba mashauri makubwa ni kazi ya dola zenyewe, na wala haihitaji kungoja sumu nyingine iingie mtoni.